Sikai Kwenye Kigoda Hicho

Mume wangu alisikia harufu, akaenda kumwambia mama yake. Mama yake akamwambia somo wangu. Somo wangu, ambaye mdomo wake haujui likizo, akawaambia wenzake. Miye mwenye mwili nikaambiwa wa mwisho, tena nikiwa kwenye cherehani nashona dera la watu, pini zimenijaa mdomoni.

"Asmahani, zitoe hizo pini. Nina neno," mavyaa akaniambia.

Mavyaa wangu ni Bi Samiha, mama yake mume wangu Mudathir. Nyumba tunayokaa hapa Chumbageni ni yake, na hajawahi kutuacha tusahau. Nikazitoa pini, nikazichomeka kwenye mto wa sindano, nikamtazama.

"Mumeo analalamika. Anasema una harufu. Huko." Akaelekeza kidevu chini, kwenye mapaja yangu.

"Kamwambia nani?"

"Kaniambia miye. Ulitaka amwambie nani, imamu?"

Uso ukaniwaka moto. Yeye akaendelea, wala hakuona haya kwamba mlango wa barazani uko wazi na watu wanapita.

"Nimeshazungumza na somo wako, Bi Zuwena. Si Alhamisi hii, ile ya pili, baada ya adhuhuri anakuja na wenzake kukufunda upya."

Sasa hapo ndipo niliposimama. Kufundwa mara ya kwanza ni furaha, kila mwari anayeolewa anafundwa na somo wake, anasingwa kwa manukato, anapikiwa, anaimbiwa. Kufundwa upya, kwa akina Bi Zuwena, ni habari nyingine kabisa. Mke aliyelalamikiwa hukalishwa kwenye kigoda katikati ya uani, ana kanga moja tu kifuani, wanawake wamemzunguka, na somo wake anamwosha mbele yao huku akilitaja kosa lake kwa sauti. Ukikaa pale umekiri. Nimemwona jirani yetu mmoja aliyekaa, na mpaka leo akipita mtaani wapo wanaovuta upindo wa kanga puani wakicheka.

"Na nisipokaa?" nikauliza.

"Pangani si mbali. Utafunga mizigo yako urudi kwenu, na watu watajua umerudi kwa nini."

Yaani nikikaa, mchafu. Nisipokaa, mchafu aliyerudishwa. Lo! Na mama yangu kule Pangani, kila akivuka kivuko kwenda Bweni kuuza vitumbua vyake, aulizwe na abiria wenzake binti yake ana nini. Hilo ndilo lililonikata maini kuliko yote.

Mchafu, miye! Wallahi, kama kuna mwanamke aliyekuwa akijisafisha Tanga nzima, alikuwa miye. Bi Zuwena alinifundisha nikafundishika. Alisema mwanamke anajiosha mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Basi alfajiri nilikuwa naosha. Nikitoka haja naosha. Kabla ya kulala naosha, na mume akishaondoka naosha tena. Sabuni ya manukato kwanza. Halafu kitambaa cheupe kwenye kidole, mpaka ndani kabisa. Halafu maji ya shabu, ile ile ya kutuliza matope kwenye maji, eti pabane na pakauke. Halafu maji ya mwarobaini. Mwisho nasimama juu ya chetezo, dera nimelitandaza, moshi wa udi unapanda. Nilikuwa nafanya hivyo tangu siku ya harusi bila kuruka.

Na harufu ikaja hivyo hivyo. Miezi michache tu baada ya harusi ikaja, harufu ya samaki, na ikazidi kila baada ya kulala na mume wangu. Nilijua kabla yake. Nikaona basi sijasafisha vya kutosha, nikaongeza. Nikiongeza nayo inaongezeka. Nikaanza kulala nimempa mgongo, nikaanza kusingizia kichwa. Mwenyewe nilidhani namficha.

Mudathir aliporudi kutoka bandarini siku ile nilimsubiri mlangoni, hata viatu hajavua.

"Umemwambia mama yako nanuka?"

Akaangalia barabarani kama anatafuta wa kumwokoa. "Asma, hayo mambo ya kike. Ningekwambiaje? Ungeona aibu."

"Na sasa mtaa mzima unajua, aibu imepungua?"

"Mama na Bi Zuwena ndio wanaojua hayo. Kaa tu hiyo Alhamisi, yaishe." Akatoa simu mfukoni, akaanza kuiperuzi. Nilitamani kuichukua niitumbukize kwenye mtungi wa maji.

Nitasema ukweli, sikuasi palepale. Kwanza nilijaribu kumshinda Bi Zuwena kwa njia yake. Nikachukua dawa ya kuoshea vidonda, ile kali inayogeuka nyeupe kwenye maji, nikajiosha nayo ndani. Ala! Nilichuchumaa bafuni nimeuma kanga nisipige kelele. Paliwaka mpaka machozi yakanitoka yenyewe. Na kesho yake harufu iko palepale, na sasa hata kukaa kwenye cherehani siwezi. Nikajitazama nilivyokaa upande upande na nikajiuliza nani aliyenipa adhabu hii, na nimefanya kosa gani. Nikamwambia mavyaa nakwenda sokoni kununua uzi. Nikaenda zahanati.

Nesi niliyemkuta anaitwa Anastazia, Mshambaa wa kule Lushoto, mwanamke wa makamo mwenye miwani na asiyezungusha maneno. Akafunga mlango, akauliza shida yangu.

"Nina harufu."

"Ya wapi?"

"Ya huko."

"Huko wapi, dada? Kwapani? Mdomoni? Masikioni? Sema uke. Hapa hakuna atakayezimia."

Nikasema. Ilitoka kwa sauti ya mbu, lakini nilisema. Tangu nizaliwe sikuwahi kulitaja neno hilo mbele ya mtu, na paa la zahanati halikutuangukia.

Akanipima. Akachukua ute kidogo, ukapelekwa maabara, nikasubiri kwenye benchi nimejifunika ushungi mpaka puani. Aliponiita tena alikuwa na karatasi moja.

"Nilitaka kuwa na uhakika, kwa sababu harufu inaweza kuletwa na mengi," akasema. "Kuna magonjwa ya zinaa, umepimwa, huna. Wengine wanasahau pamba humo ndani ikaoza. Kwako hakuna kitu. Fangasi inawasha na kutoa ute wa mgandomgando, lakini kwa kawaida hainuki hivi. Yako ni bakteria. Ndani ya uke wako wapo bakteria wazuri, ndio walinzi, wanatia uchachu kidogo ambao wabaya hawaupendi. Walinzi wakipungua, wabaya wanajaa, na hao ndio wanaonuka samaki. Haya, niambie, unajiosha na nini?"

Nikamwambia. Sabuni, kitambaa, shabu, mwarobaini, udi, na ile dawa ya vidonda. Kadiri nilivyokuwa nikitaja, ndivyo kalamu yake ilivyopunguza mwendo, mwisho akaiweka mezani.

"Dada yangu. Unawafukuza walinzi asubuhi, mchana na jioni, halafu unashangaa wezi wanaingia?"

"Kwa hiyo harufu nimeileta mwenyewe kwa kuosha?"

"Sikulaumu. Hata asiyejiosha ndani inaweza kumpata. Ila wewe uliifungulia mlango, na kila ukiosha unaizidisha. Uke unajisafisha wenyewe, ule ute ndio kazi yake. Wewe osha nje, kwa maji, inatosha. Ukipenda sabuni, isiyo na manukato, na nje tu. Ndani usitie kitu. Si shabu, si moshi, si kidole. Dawa hizi umeze zote, hata ukiona nafuu katikati. Ikirudi, na huwa inarudi, rudi hapa. Usirudi kwenye chetezo."

"Na baada ya hapo sitanuka kabisa?"

Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Utanuka kama mtu. Ni uke, si chupa ya marashi."

Nikacheka na miye. Halafu kicheko kikanigeukia, nikalia, na haikuwa huzuni. Zilikuwa hasira. Miezi yote ile najichoma, najikausha, namkwepa mume wangu kitandani, na kumbe nilikuwa mgonjwa tu, mgonjwa wa kupewa vidonge!

Nikameza vile vidonge. Vinaacha ladha ya bati mdomoni, mpaka chai ilikuwa haina maana, lakini nilimeza vyote. Shabu na kitambaa nikavitupa. Udi nikaubakiza wa kufukizia chumba na nguo, hapo ndipo mahali pake. Kabla hata dawa hazijaisha harufu ilikuwa imeondoka. Mudathir naye akagundua, akawa na tabasamu la bwana harusi.

"Umeona? Bi Zuwena kakuelekeza nini?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, tangu nesi mpaka bakteria. Akasikiliza, akafurahi kwa dhati, nampa haki yake. "Basi yameisha," akasema.

"Nenda kamwambie mama yako aahirishe."

Akaenda. Akarudi mabega yameshuka. "Mama anasema watu wameshaalikwa. Hawezi kuwaambia wageuze, watasema nini? Asma, kaa tu. Wewe unajua umepona, mimi najua. Ni kukaa kidogo tu, wakuoshe, waondoke."

Sitawadanganya, nilifikiria kukaa. Nilimfikiria mama yangu na kivuko chake. Nikaona nikijikaza kisabuni nikakaa, ndoa yangu ipo, nyumba ipo, maneno yatakwisha. Lakini hayakwishi, yale ya jirani yangu hayajaisha. Na kila mwari atakayefundwa na Bi Zuwena baada ya hapo angeelezwa habari zangu: mnamkumbuka Asmahani wa Mudathir, tulimwosha akatakata. Halafu angepewa shabu. Hapo roho ikagoma kabisa.

Alhamisi uani kulijaa. Mikeka imetandikwa, kigoda kiko katikati, mbele yake beseni la maji, chupa ya maji ya shabu na chetezo kinachofuka. Bi Zuwena amesimama pembeni, mwanamke mrefu mnene, anayejulikana Chumbageni nzima kwa udi; anakuja, udi unatangulia. Mavyaa amekaa kwenye mkeka wa mbele. Wote wanaungoja mlango wangu ufunguke nitoke na kanga moja.

Nikatoka na dera jipya la hariri nililolishona usiku wa jana yake, ushungi, wanja na viatu miguuni. Nikavuta kiti cha plastiki kilichokuwa ukutani, nikakaa.

"Shikamoo somo. Shikamooni nyote."

"Marahaba, mwanangu," Bi Zuwena akasema polepole. "Hicho si chako. Chako ni hiki." Akakigonga kigoda kwa ncha ya mguu.

"Kigoda hicho sikikalii."

Minong'ono ikapita uani. Mavyaa akasema, "Asmahani, usinitie aibu kwangu."

"Aibu mmeileta nyinyi, mavyaa, na watu wa kuishuhudia mkawaalika. Miye nimekuja kusema. Nilikuwa naumwa. Nimekwenda zahanati, nikapimwa, nikatibiwa, nimepona. Kilichoniumiza ni haya hapa." Nikanyoosha kidole kwenye beseni, chupa na chetezo.

"Weye mtoto!" Bi Zuwena akapandisha sauti. "Nafunda wari tangu mama yako hajaolewa. Hii ni twahara. Ni dini hii!"

Alikuwa amenipa nilichokitaka.

"Twahara nilisomeshwa chuo cha Kurani Pangani, somo, na bibi yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa mwalimu. Mwanamke anaosha kinachoonekana akichutama. Basi. Weye ulinifundisha kitambaa na kidole mpaka ndani kabisa. Huko ndani kabisa umekusoma kwenye kitabu gani?"

Mmoja akacheka nyuma, akajiziba mdomo.

"Adabu yako iko wapi?" mavyaa akafoka.

"Ninayo. Ndiyo maana nasema nikiwa nimevaa. Uke..."

"Astaghafirullah!"

"Uke, jamani! Wote hapa tunao, na kila mtu hapa ametoka humo. Unajisafisha wenyewe. Ukiutia sabuni na shabu na moshi unaua vinavyoulinda, ndipo harufu inakuja. Si uchafu, ni ugonjwa, na dawa ipo. Sasa miye nawauliza. Nani hapa anaosha mpaka ndani, harufu ikirudi anaosha tena, na ikirudi anaongeza?"

Mmoja akarekebisha kanga yake ambayo haikuwa na tatizo. Mwingine akawa anahesabu miraba ya mkeka. Nikawaona wanafiki, na nilikuwa nimeshavuta pumzi niwape ukweli wao mmoja mmoja, Bi Zuwena alipoanza kuja. Alinijia moja kwa moja. Nilidhani ananipiga kibao, nikakaza shingo.

Akainama, mdomo karibu na sikio langu, lakini uani kulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Hiyo dawa," akasema. "Mtu mzima naye hupewa?"

Matusi yote niliyoyaandaa yakaniishia. Nikamtazama usoni, na nikaelewa kwa nini udi haumtoki mchana wala jioni.

"Hupewa akishapimwa," nikamjibu. "Kwa mtu mzima huenda likawa jambo jingine, somo, lazima wakuangalie. Tangu lini?"

"Mume wangu wa kwanza alihama chumba, hakuniambia kwa nini. Nikaanza kuosha. Wa pili akaniacha, nikaongeza shabu. Udi ukanisaidia kidogo. Watu wakawa wananisifu nanukia vizuri, wakaniomba niwafundie watoto wao." Akalitazama beseni lake. "Nilifundisha nilichokuwa nacho, mwanangu."

"Zuwena!" Mavyaa amesimama. "Unaniaibisha nyumbani kwangu!"

Bi Zuwena akanyooka. "Nyamaza weye, Samiha. Shabu unayochukua kwangu kila mwezi unafulia nguo?"

Mtume! Uani kukalipuka. Kuna waliocheka mpaka wakalala kwenye mkeka, kuna aliyelia, na yule aliyekuwa anahesabu miraba akasogeza mkeka wake karibu yangu akaniuliza zahanati inafunguliwa saa ngapi. Mavyaa alibaki amesimama peke yake, mkono kifuani. Halafu akakaa chini, taratibu.

Ndipo Mudathir alipokohoa mlangoni. Mwanamume haingii kwenye kikao kama kile, kwa hiyo alisimama nyuma ya pazia.

"Mama, yameisha?" akauliza.

"Hayajaisha," nikamjibu miye. "Ingia."

"Asma, kuna wanawake."

"Wamevaa. Na habari zangu wamezipata kwako, basi wasikie na hii kwako. Ingia."

Wanawake wakajitanda kanga zao. Akaingia, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Ulimwambia mama yako mkeo mchafu. Haya, sema ulivyotakiwa kusema."

"Mke wangu si mchafu," akasema.

"Waliokaa nyuma hawajasikia."

"Mke wangu si mchafu!" Jasho linamtoka. "Alikuwa anaumwa. Nikaenda kusema nje badala ya kumwambia yeye. Nimekosa."

Aliniangalia sasa, na nikaona ameumia, na nampenda, na bado hasira hazijaniisha. Nikainuka kutoka kwenye kile kiti changu cha plastiki, nikamfuata mpaka alipo, wote wakitusikia.

"Kwetu Pangani nitakwenda nikitaka mwenyewe, kumsalimia mama," nikamwambia. "Kwa hili siondoki. Na weye, siku nyingine pua yako ikisikia kitu, usivuke chumba kumtafuta wa kumwambia. Mdomo wako na sikio langu vinalala kwenye mto mmoja."